Ubao wa Dirishani

Kitu cha kwanza Mizelli alichokiona kwa yule mgeni ni ukucha wake wa kidole gumba. Mgeni alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya akina Tolley, kofia ya majani mkononi, akitabasamu kama wanavyotabasamu wote wanaokuja Marlstow siku ya soko. Wenzake walikuwa wakitazama vikapu vya maua vilivyoning'inia juu ya mlango. Yeye alisogea karibu na dirisha, akaangalia huku na huku, akaukandamiza ukucha kwenye fremu ya mbao, kama mtu anayetafuta uozo. Kisha akautazama ule ukucha, akaupangusa kwenye suruali.

Mizelli alikuwa ndani, upande wa pili wa dirisha hilo hilo, akipanga pai. Miaka minne katika nyumba ile ilikuwa imemfundisha kwamba akitaja jambo lolote kuhusu mtu asiyemfahamu, mama mkwe wake Noreen atajibu, "Nyinyi watu wa misafara, mnaokulia kwenye magari, kila mtu kwenu ni mwizi," na meza nzima itacheka, na mumewe Kelvin atacheka kidogo pia, ili yaishe.

Pai zilipangwa juu ya ubao. Ulikuwa ubao mnene wa dirisha la chini, wenye bawaba za chuma. Kila Jumamosi, kengele ya soko ilipolia, Clem Tolley aliushusha ukawa meza inayotazama uwanja, na mkewe Noreen akasimama sebuleni kwake, aproni kiunoni, akauza pai za nguruwe na keki ya mafuta. Wachuuzi wengine wote waliilipa halmashauri ushuru wa meza. Noreen hakulipa. Desturi ya Marlstow ni ya zamani kuliko halmashauri: anayeuza huku amesimama ndani ya nyumba anayoishi hayumo sokoni, yumo kwake. Zamani nyumba tatu za uwanjani zilikuwa na haki hiyo. Moja sasa inauza mishumaa yenye harufu, ya pili ina wenyewe wanaokuja Krismasi tu, na mbao za zote mbili zimepigwa misumari. Ubao wa akina Tolley ndio uliobaki. Bila nyumba hakuna ubao, na bila ubao hakuna pai, maana hawakuwa na kingine kilichowaweka mjini. Mapafu ya Clem yalikuwa yamekwisha kwa vumbi la useremala, na gari la Kelvin la kubebea mizigo lilikaa gereji zaidi kuliko barabarani.

"Ndiye," Noreen alinong'ona, macho yake kwa yule mgeni. "Mizelli, usigeuke. Ndiye jaji."

Ulikuwa mwezi wa Julai, na Marlstow ilikuwa imeingia kwenye mashindano ya miji yenye maua. Majaji huja bila kujitambulisha. Glenys Pargeter, mwenyekiti wa kamati ya maua, alikuwa amepita mlango kwa mlango akiwaambia watu waanue nguo kwenye kamba na wamchangamkie kila mgeni. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa ukimtilia shaka kila aliyeinamia ua. Wiki iliyotangulia, mwenye hoteli alikuwa amemlisha bure mtu mmoja chai, mikate, krimu na jamu mpaka akashindwa kuinuka, ndipo akajitambulisha kuwa ni mkaguzi wa mifereji ya maji machafu.

"Jaji hana kalamu," Mizelli alisema kwa sauti ndogo.

"Ana kichwa. Karibu, bwana! Karibu! Unaipenda nyumba? Ingia uione na ndani, usiogope, hatuumi!"

Mgeni alishtuka. Akasema hakutaka kusumbua, alikuwa anaangalia kwa nje tu. Lakini Noreen alikuwa ameshazunguka, ameshafungua mlango, na huku akiufungua alikuwa akitoa amri kwa kona ya mdomo. "Clem, chukua kiti chako ukae uani. Na kikohozi chako."

"Kikohozi nitakiacha wapi, kwa majirani?"

"Uani, Clem!" Kisha akamgeukia Mizelli, sauti ikalainika. "Na wewe, kipenzi, kaa jikoni kidogo. Si kwa ubaya. Unawajua watu walivyo."

Mizelli aliwajua watu walivyo. Akaenda jikoni, akashika kitambaa, akaanza kukausha sahani zilizokuwa kavu.

Kutoka pale alisikia kila kitu, maana nyumba ile kuta zake ni nyembamba kuliko zinavyoonekana. Alimsikia Noreen akimpandisha mgeni ngazi zilizopinda, akimwonyesha boriti iliyochongwa tarehe, tanuri la mkate lililomo ukutani, na dirisha la darini linalotazama uwanja wote hadi mnara wa kanisa. Alimsikia akieleza kwamba asubuhi ukifungua dirisha hilo unapokea harufu ya mkate wa Hobley kabla hujafumbua macho vizuri. Kwamba hapa unakwenda kwa miguu kwa mchinjaji, kwa daktari, kanisani na makaburini, na njiani unasimamishwa mara tano kuulizwa habari za goti lako. Kwamba usipofungua pazia kufikia saa tatu, mtu atagonga kuuliza kama u hai.

"Mume wangu ananiambia, Noreen, tungepata fleti yenye joto. Namwambia, joto la nini? Ukitoka hapa utazungumza na nani, na jokofu?"

Mgeni alicheka. Alicheka vizuri, kicheko cha mtu aliyesahau alichojia. Kisha akauliza kama maji huingia kwenye chumba cha chini.

"Hata tone," alisema Noreen, na Mizelli alijua kwamba wakati huo alikuwa amesimama juu ya zulia linaloficha mlango wa chumba hicho, ambacho kila Februari Kelvin hukitoa maji kwa ndoo.

"Na huu ubao? Unabaki?"

"Unabaki?" Noreen alishangilia. "Bwana wangu, ubao huu ulikuwepo wafalme walipokuwa wakioga mara moja kwa mwaka. Sisi sote tutakuwa udongo, wenyewe utabaki."

Kule jikoni Mizelli aliacha kukausha. Jaji wa maua ataulizaje kama ubao unabaki?

* * *

Jioni Noreen hakushikika. Alisimulia ziara ile mara tatu, na kila mara mgeni alizidi kushangaa.

"Vipande viwili vya keki! Na jinsi alivyoitazama dohani! Kelvin, mama yako ameushindia mji huu kombe."

"Hakuangalia maua," Mizelli alisema.

"Nini, kipenzi?"

"Hata mara moja. Aliangalia mbao."

"Ndivyo wanavyofanya. Wanajifanya hawaangalii," Noreen alisema, akamgeukia Kelvin. "Mkeo bwana! Akimwona askofu atataka kwanza ampekue mifuko."

Kelvin alicheka kidogo, ili yaishe. Clem hakucheka. Alikuwa akivuta dawa yake ya pumu, macho kwa mkwewe, kama mtu anayetaka kuuliza jambo akakosa pumzi ya kuliulizia.

Siku tano baadaye Glenys Pargeter alipita kununua pai ya mumewe, aliyokuwa akiwekewa hata siku zisizo za soko. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye lulu masikioni hata akiwa anapalilia. Alisema kamati imefurahi sana, majaji wamekuja jana na wameondoka wakitabasamu.

"Jana?" Noreen aliuliza.

"Jumatano. Huja Jumatano siku zote, Noreen, nilikwambia. Wanawake wawili. Mmoja alikuwa na bandeji mguuni, maskini, amezunguka mji wote akichechemea."

"Na yule mwanamume wa Jumamosi?"

"Mwanamume gani wa Jumamosi?"

Noreen alifunga pai kwenye karatasi, akaifungua, akaifunga tena. "Hakuna," alisema. "Alikula keki yangu tu."

Tangu hapo nyumba ilibadilika. Kelvin alinunua kitasa kipya. Noreen alianza kufunga mlango wa mbele mchana, jambo ambalo hakuna mtu wa uwanjani aliyewahi kulifanya, na majirani wawili wakagonga kuuliza nani amekufa. Alisema ni mwizi yule, alikuja kupima madirisha. Halafu akasema ni mtu wa kodi. Halafu akasema ni mtu wa gazeti. Kila aliposema alimtazama Clem akubali, na Clem alitazama moto uliozimika.

Jambo moja hakulisema kabisa, ingawa wote wanne walilifikiria. Bi Ancrum mzee, mwenye nyumba, alikuwa amefariki majira ya baridi. Nyumba ilikuwa imekwenda kwa mpwa wake aishiye London, ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kodi iliendelea kupokewa, hakuna neno lililokuja, na akina Tolley walikuwa wakiishi kimya kimya kama watu waliojificha, wakiomba wasahaulike.

* * *

Dalali alikuja Jumanne. Noreen alikuwa ukumbi wa kanisa akikata keki za wazee, Kelvin kazini, Clem amesinzia kitini. Mizelli ndiye aliyefungua. Dalali alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka na uso mwema, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumsifia vikapu vya maua.

"Nimekuja kupima tu, dada. Dakika kumi. Mwenye nyumba amewaambia, bila shaka?"

Mizelli alitikisa kichwa.

"Aa." Kijana alitazama viatu vyake. "Basi barua iko njiani. Nyumba imeuzwa. Mtapewa miezi miwili, kama sheria inavyotaka. Pole sana. Kweli, pole."

Alipima huku akizungumza, kama wafanyavyo watu wenye haya mbele ya msiba. Alisema mnunuzi anaitwa Bwana Sallis, na kwamba bwana huyo alikuwa amewachosha mwaka mzima. Alikuwa akiyumba kati ya miji mitatu. Mkewe alitaka soko, yeye alitaka mto, wote wawili walitaka kengele. Mpwa wa Bi Ancrum alikuwa amemwambia apite tu aitazame kwa nje, asiwashtue wapangaji.

"Halafu mama mmoja akamwingiza ndani. Akamtembeza mpaka darini! Bwana akanipigia simu akiwa bado anatafuna. 'Hiyo,' ananiambia, 'hiyo hiyo, sitaki kuona nyingine.' Mimi nimesomea kuuza nyumba, dada, sijawahi kuuza namna hiyo." Alikunja utepe wake. "Ni mama gani huyo? Ningempa kazi."

Mizelli alimtazama Clem. Clem alikuwa amefumba macho, lakini kifua chake hakikuwa cha mtu aliyelala.

"Simjui," Mizelli alisema.

Dalali alipoondoka Mizelli aliwasha birika, likachemka, likajizima lenyewe.

"Tusimwambie," Clem alisema. "Kufukuzwa atakuvumilia. Hilo la pili litamuua."

"Sijasikia kitu," Mizelli alisema, akammiminia chai.

* * *

Barua ilifika, nayo ilisema kile kile bila uso mwema. Noreen aliisoma amesimama. Akaiweka chini ya mkebe wa sukari, akatandika meza, akapakua viazi, na walipoanza kula ndipo aliposema.

"Kuna mtu alimleta yule mwanamume."

"Mama, nyumba ni ya mwenyewe," Kelvin alisema. "Akitaka kuuza anauza."

"Auze. Lakini nani alimwambia aje Jumamosi, ubao uko chini, nyumba imependeza? Nani alimwambia asimame palepale? Ni Glenys. Anautaka uwanja huu usiwe na nguo kambani wala mtu anayekohoa. Jaji, jaji! Ananiambia nimchangamkie kila mgeni, kumbe ameshapanga na mgeni wake."

"Glenys hawezi kupanga hata sahani," Clem alisema.

"Basi kama si yeye ni nani?"

Noreen alikata kiazi chake vipande vidogo, kama anamkatia mtoto. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Wiki ya Pasaka mjomba wa mtu fulani aliegesha gari hapa mbele. Alikaa ndani yake saa nzima akiitazama nyumba."

"Alikuwa akinisubiri nimalize kufua," Mizelli alisema.

"Nyinyi watu mnazungukazunguka, mnajua nani anauza nini na nani ananunua. Sisemi kwa ubaya."

"Mama!"

"Sisemi kwa ubaya, Kelvin! Lakini huyu hata nyumba haipendi. Miaka minne analala dirisha wazi, hata theluji ikiingia. Hajawahi kusema chumba hiki kizuri, ngazi hii nzuri. Mtu asiyependa mahali hulia akiondoka?"

Kelvin aliweka uma. Usiku huo hakumuuliza mkewe, lakini asubuhi, akifunga kamba za viatu, kichwa kimeinama, alimuuliza. "Hukumtajia mtu, eh? Kwenu? Hata kwa bahati mbaya?"

Mizelli angeweza kuyasema yote kwa pumzi moja. Alikuwa na ukucha, alikuwa na ubao, alikuwa na dalali na simu yake. Aliona mume wake anavyosubiri jibu, na akaona pia namna mama yake atakavyokaa chini siku atakapolisikia, na kwamba atakayebaki kitini hatakuwa Noreen tena.

"Hapana," alisema.

"Nilijua," Kelvin alisema haraka mno.

* * *

Jumamosi iliyofuata Noreen alikataa kumuuzia Glenys pai.

Alimkatalia mbele ya foleni nzima. Alisema zimekwisha, na pai ishirini zilikuwa mbele yake zikimtazama Glenys.

"Noreen, hizi ni nini?"

"Zimewekewa watu wanaokaa kwao na kuwaacha wenzao wakae kwao."

"Sielewi unasema nini."

"Unaelewa. Kombe lako umelipata? Liweke mahali pazuri. Ukitaka, liweke sebuleni kwangu, nafasi itakuwepo."

Watu walitazama viatu vyao. Hobley wa mikate alijifanya anahesabu mikate. Glenys alishika lulu ya sikio moja, kama mtu aliyepigwa kofi anayetafuta kama hereni bado ipo. "Mimi niliisimamia kamati ikaandika barua nyumba hii isilazimishwe kupakwa rangi mpya," alisema. "Mimi, Noreen. Kwa ajili yenu. Mume wangu amekuwa akila pai yako tangu ana nywele."

"Basi atazoea."

Glenys aliondoka mikono mitupu, akitembea wima. Noreen aliuza pai zote ishirini kabla ya saa sita, lakini hakuna aliyebaki kupiga soga ubaoni. Watu walinunua, wakasema asante, wakaenda zao. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Noreen alisimama dirishani kwake hana wa kuzungumza naye. Nyuma yake Mizelli alimwona akihamisha mkebe wa haradali kulia, kisha kushoto, kisha kulia.

Wikendi mbili kabla ya kuhama, Bi Sallis mwenyewe alikuja. Alikuwa na buti za njano siku ya jua na kikapu kipya cha sokoni, kile cha kusuka, ambacho watu wa Marlstow wenyewe hawajakibeba tangu bibi zao. Alishika mikono ya Noreen yote miwili kupitia dirishani.

"Bi Tolley! Nimekuwa nikitamani kukuona. Mume wangu Rupert haachi kukuzungumzia. Mkate asubuhi, goti, jirani kugonga! Tumekariri yote. Ananiambia, isingekuwa yule ma..."

"Pai ngapi?" Mizelli alisema.

Alisema kwa sauti kubwa, sauti ambayo hakuna mtu uwanjani aliyewahi kuisikia. Hobley aligeuka.

"Samahani?" Bi Sallis alisema.

"Unataka pai ngapi? Zinapoa."

Pai za Noreen huliwa baridi. Mtoto mchanga wa Marlstow analijua hilo. Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, na Mizelli alihisi uso wote umewaka, lakini hakuondoka dirishani. Noreen hakucheka. Alimgeukia mkwewe, akamtazama kwa muda mrefu, macho yake yamekuwa madogo.

"Mbili, basi," Bi Sallis alisema. "Tena nina jambo la kuwafurahisha. Tumezungumza, mimi na Rupert. Tunataka uendelee kuja! Kila Jumamosi. Tutakuachia chumba cha mbele mpaka soko lifungwe. Uje na aproni yako hiyo hiyo, tafadhali usibadilishe. Ubao huu usiposhushwa uwanja utakufa, na sisi ni uhai huu tulioufuata."

"Desturi ni ya anayeishi humu," Noreen alisema.

"Tutasema wewe ni mgeni wetu."

"Mgeni."

"Mgeni wa heshima!"

Noreen alipokea pesa za pai mbili, akarudisha chenji. "Nitaongea na mume wangu," alisema.

* * *

Fleti waliyopewa na halmashauri ilikuwa nje ya mji, karibu na barabara ya mchepuko, ghorofa ya pili. Ilikuwa na joto. Madirisha yake yalifunguka kiasi cha kupitisha mkono.

Jumamosi ya mwisho kengele ya kufunga soko ililia, na wachuuzi wakaanza kukunja meza. Masanduku yalikuwa yameshatangulia. Bwana na Bi Sallis walikuwa wamefika mapema na funguo zao, wakasimama pembeni kwa adabu, wakijaribu kutotazama mapazia yaliyoshushwa. Clem alitoka ndani polepole, bisibisi mkononi, akaegemea ukuta akapumua, kisha akaanza kufungua bawaba ya kwanza ya ubao.

"Bwana Tolley," Bwana Sallis alisema. "Samahani. Nadhani huo unabaki."

"Nani kasema?"

"Mkeo. Alisema upo tangu enzi za wafalme."

Clem alikohoa, na kikohozi kikageuka kicheko, na kicheko kikarudi kuwa kikohozi, hata Kelvin akaja kumshika bega.

"Ule wa wafalme ulioza, bwana. Bi Ancrum aliuchoma motoni mwenyewe. Huu nimeutengeneza mimi mwaka aliozaliwa huyu kijana, na bawaba nimenunua kwa pesa yangu. Mbao ni mlango wa choo cha baa ya hapo kona, walipokuwa wanavunja. Ugeuze uone, upande wa chini bado umeandikwa mambo ambayo mkeo asisome."

Bi Sallis alikuwa ameshainama kusoma. Akainuka mwekundu.

"Lakini nyumba bila ubao..." alisema.

"Ndiyo," Clem alisema, na akafungua skrubu ya pili.

Ubao ulikuwa mzito. Clem hakuweza kuubeba, na Kelvin alikuwa akiliwasha gari lililokataa kuwaka, kwa hiyo Noreen alishika upande mmoja na Mizelli upande mwingine. Waliubeba kukatiza uwanja, wanawake wawili wanaotembea kwa ubavu, katikati ya majani ya kabichi na masanduku matupu. Glenys Pargeter alikuwa amesimama mlangoni kwake. Noreen alipofika mbele yake alipunguza mwendo, akafungua mdomo, akashindwa, akaendelea. Hatua chache mbele akasema weka chini. Wakauweka.

"Siku ile ulimkatiza yule mwanamke," Noreen alisema. "Pai zinapoa! Hujawahi kusema upuuzi tangu uje kwetu. Hata huwa husemi. Alitaka kusema nini?"

Mizelli alitazama mikono yake, ilivyochorwa na makali ya mbao.

"Ni mimi, siyo?" Noreen alisema. "Hakuletwa na mtu. Ni mimi niliyemwingiza."

"Ni wewe."

"Ulijua tangu lini?"

"Dalali alipokuja."

"Na mimi nikakutuhumu mezani, kwa viazi vyangu, ukaniacha." Alikaa juu ya ubao, aproni bado kiunoni. Kwa muda alitazama nyumba, lile tundu jeusi la dirisha ambalo sasa halikuwa na meza wala kifuniko. "Nilijua Glenys alipotaja ile bandeji. Nilijua pale pale. Nikamtafuta mtu mwingine, na sikumkosa." Akapangusa pua kwa aproni. "Na wewe ulikuwa jikoni. Ulinisikia nikijigamba na ngazi zangu na goti langu. Haya, cheka. Una haki."

Mizelli hakucheka. Aliketi kando yake, karibu kuliko alivyowahi kuketi, na kule barabarani gari la Kelvin likawaka, likazima.

"Nilikuwa jikoni nimeshika sahani," alisema. "Kila ulichokitaja nilikuwa nakifahamu. Ile harufu ya mkate ndiyo ninayofungulia dirisha. Ulipofika kwenye mtu kugonga kuuliza kama u hai, nilitamani niwe na pesa. Ningeinunua mimi, siku ile ile, kabla yule mgeni hajamaliza keki."